Shajara ya kuni: joto la Julai hutafutwa Januari

11 Januari

Mradi ni huu: sebule ya Mama ipate joto kila siku kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti, kwa kuni kavu zilizotoka kwenye shamba la mtu, si ndani ya Msitu wa Mau. Nyumba iko nje kidogo ya mji wa Molo, nyanda za juu za Kenya, karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Jamaa zetu wa Kisumu, kwenye joto la ziwani, huona ajabu tukiwaambia tunawasha moto wa kuota ndani ya nyumba. Kwao Julai ni mwezi kama miezi mingine. Kwetu ni mwezi wa ukungu unaokawia hadi saa nne asubuhi, wa blanketi zenye unyevu na wazee wanaokohoa usiku kucha. Mama amepita miaka sabini, na kifua chake hakiwezani na baridi.

Jiko la mkaa chumbani nimelikataa kabisa. Kila msimu wa baridi zinasikika habari za watu walioingiza jiko ndani, wakafunga mlango na dirisha, wasiamke. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Mtu anasinzia tu. Kwa hiyo mwezi wa Desemba fundi mmoja wa jua kali mjini Nakuru alitutengenezea jiko la chuma nene lenye mlango, na bomba la moshi linalopanda hadi juu ya paa. Limeshafungwa na halivuji. Kilichobaki ni chakula chake, na hicho ndicho nitakachokiandika hapa.

Naanza Januari kwa sababu gogo lililokatwa leo linakaribia kuwa na nusu ya uzito wake maji. Maji hayo lazima yatoke kabla ya moto, na sasa ndipo tuna jua na upepo wa kuyatoa. Masika yakishaingia, kuni hukauka kwa kusuasua. Anayesubiri Juni ananunua kilichobaki, na kilichobaki huwa kibichi.

Hesabu nimeipiga kutokana na majaribio ya wakati wa Krismasi, tulipowasha kwa kuni kavu za jirani na kuzipima. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku jiko lilikula kama kilo 8, na asubuhi kilo 3. Juni, Julai na Agosti zina siku 92. Kilo 11 mara 92 ni kilo 1,012, yaani tani moja na kidogo. Mita moja ya ujazo ya kuni za mkaratusi zilizopangwa vizuri, zikishakauka, nimeikadiria kilo 400 hivi, maana katikati ya vipande kuna hewa. Tunahitaji mita mbili na nusu. Nitatafuta tatu.

14 Januari

Nimezunguka kuona kinachouzwa.

Sokoni Molo kuna mafungu ya kamba, ya kupikia. Akina mama wanaoyaleta kutoka ukingoni mwa msitu wana kibali cha kuokota kuni kavu zilizoanguka, na wanayabeba mgongoni kwa kamba ya kipajini. Ni kazi ngumu na wanastahili bei yao. Lakini kununua tani nzima kwa mafungu ni kumaliza riziki ya mtu anayepika kwa hizo hizo. Nimenunua mafungu machache ya vijiti vya kuwashia, basi.

Elburgon nilifuata mabanzi. Huo ni mji wa mbao tangu zamani, na banzi ndilo kuni rahisi kuliko zote: gome upande mmoja, mbao upande wa pili, limeshapasuliwa na mashine. Lakini nyumbani moto wake hauna subira. Msaipresi na paini zina utomvu, zinalipuka cheche, zinawaka kwa fujo na kuisha. Ni nzuri kwa kuamsha moto uliolala. Kwa jioni nzima ya Julai, hapana.

Mwenye kiwanda kimoja alinieleza jinsi bei ilivyopanda. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, kwanza kwa siku 90, kisha marufuku ikaongezwa muda tena na tena. Mashine zilinyamaza, vijana wakarudi mashambani bila kazi, na kila aliyetaka mbao au kuni akageukia miti ya wakulima. Julai 2023 Rais Ruto alitangaza hapa hapa Molo kwamba marufuku imeondolewa, na jambo hilo likafika mahakamani. Mimi naunga mkono kulindwa kwa Mau bila kusita. Mto Njoro unatoka huko kwenda Ziwa Nakuru, Mto Molo unaenda Baringo, Sondu unaenda Ziwa Victoria. Ila nimeiona pia njaa ya mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusukuma gogo kwenye msumeno, na sipendi kusikia watu wa mbali wakizungumza kana kwamba hakuwepo.

Jioni nikasimamisha pikapu iliyojaa kuni kando ya barabara. "Bosi, hizi zimekauka kabisa, ni elfu nne na mia tano nikushushie mlangoni." Nilimwomba ruhusa nipime. Bodi ilikuwa mita 2.3 kwa urefu, 1.5 kwa upana, na kimo cha mita 0.45 hadi ukingoni. Ingekuwa zimepangwa, hiyo ni mita ya ujazo moja na nusu. Lakini zilikuwa zimerushwa tu, nyingine zimekaa wima, nyingine zimelala kimshazari, na katikati mkono wangu ulipita hadi begani. Mzigo wa kurushwa hivyo hupungua kama thuluthi ukiupanga. Kwa hiyo zilikuwa kama mita moja.

Kisha nikachukua vipande viwili nikavigonganisha. Kuni kavu hulia kwa sauti kali, ya juu. Hizi zilitoa mlio mzito, uliozama. Gome lilikuwa limeshikamana na mti, na kwenye ncha hapakuwa na nyufa hata moja. Nilimwonyesha kijana ncha hizo, akacheka kwa upole akasema, "Mkubwa, wewe unajua kuni." Tuliagana vizuri. Juu ya ukavu hakuwa akisema kweli, lakini kijana mwenyewe alikuwa amezinunua hivyo hivyo alikozitoa.

18 Januari

Nimeuliza upande wa Kuresoi, nikakuta mshindani nisiyemweza. Viwanda vya majani chai kuanzia huko hadi Kericho na Nandi huchemsha maji kwa kuni ili kupata mvuke wa kunyausha na kukausha majani. Wanunuzi wao huchukua mikaratusi kwa shamba zima. Mkulima mwenye ekari mbili za miti hawezi kuacha lori la kiwanda akanikatia mimi mita tatu. Simlaumu.

Faida niliyotoka nayo huko ni kipimo. Wanaouzia viwanda hupima kwa mita ya ujazo: vigingi viwili vimesimikwa ardhini, umbali wa mita moja kati yao, kimo mita moja, na magogo yaliyokatwa mita moja kwa urefu yanalazwa katikati. Mnunuzi na muuzaji wanaona kitu kimoja. Kuanzia leo sinunui kwa gari. Nanunua kwa mita.

25 Januari

Tumepata. Ni mzee mmoja mwenye shamba chini ya reli, njia ya kuelekea Turi. Ana mstari wa mikaratusi kwenye mpaka na kichaka cha miwati, akasia ile ya kupandwa, kwenye kona yenye mawe isiyolimika. Nilimkuta akitengeneza ua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayetafuta kuni za kuota?"

"Ndiyo, mzee. Za Mama."

"Mama yako namjua. Basi usichukue mikaratusi peke yake. Chukua muwati."

Akanipeleka kichakani. Muwati ulipandwa sana nyanda hizi kwa ajili ya magome yake, yaliyokuwa yakiuzwa kwenye viwanda vya Eldoret na Thika kutengenezea dawa ya kusindikia ngozi za wanyama. Soko la magome lilidhoofika, mti ukabaki, na tena huota wenyewe hata pasipotakiwa. Kwa kuni sijaona wa kuushinda hapa kwetu miongoni mwa miti ya kupandwa: ni mzito, unapasuka kwa pigo moja, hukauka upesi, na kaa lake hudumu.

Mkaratusi nao una historia na reli hii iliyo juu ya shamba lake. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka uliofuata miti hiyo ikaanza kuletwa nchini ili kulisha injini zilizokuwa zikichoma kuni. Mzee alilijua hilo kutoka kwa baba yake. Mkaratusi ukikatwa huchipua kisikini, kwa hiyo mstari wake wa mpakani ameshauvuna zaidi ya mara moja bila kupanda upya.

Kulikuwa na mti mmoja wa mutamaiyo, ule mzeituni wa porini, umesimama peke yake karibu na kisima. Hakuna kuni inayousogelea kwa joto, na kila mzee wa huku anajua. Sikuuliza bei, naye hakuutaja.

Tumekubaliana shilingi 2,500 kwa mita ya mkaratusi na 3,000 kwa mita ya muwati, zikiwa zimekatwa na kupangwa hapo shambani. Mita moja na nusu ya kila aina. Malipo ya mwenye msumeno wa injini yamo ndani ya bei hiyo.

1 Februari

Kuni zimefika kwa tela la trekta la jirani. Kibali cha kusafirisha kilikuwa mfukoni mwa dereva, nami nilikisoma kabla hajawasha injini: jina la mwenye shamba, aina ya miti, kiasi, tunakotoka na tunakokwenda. Kuni ni mazao ya misitu kisheria hata kama zimetoka shambani kwa mtu, na gari linaweza kuzuiliwa njiani. Nusu siku ya kutafuta karatasi inaokoa siku nzima ya kubembelezana.

Kazi ya kupasua imeanza leo hii, kwa sababu mkaratusi hausubiri. Ukiwa mbichi, shoka linaingia na mti unaachia. Ukikauka mzima, nyuzi zake hujisokota na kukaza, nawe utabaki na kabari mbili zimekwama ndani ya gogo moja. Tunakata vipande vya sentimita 35, kwa sababu mlango wa jiko hauchukui zaidi, na tunapasua hadi unene usiozidi sentimita 10. Gome hufungia maji ndani. Maji hutokea kwenye ncha na kwenye uso uliopasuliwa, kwa hiyo kila pigo la shoka linafungua mlango mwingine wa unyevu.

Nimechagua vipande viwili vya kufuatilia, nikaviandika kwa kalamu ya wino mzito: A ni muwati, kilo 3.2, B ni mkaratusi, kilo 4.1. Mizani ni ile ya kuning'iniza tunayopimia viazi. Vitakaa katikati ya rundo kama vingine.

8 Februari

Rundo limesimama. Chini kuna nguzo kuukuu mbili, kuni zisiguse udongo. Limeelekea upepo wa mchana, safu mbili zilizoachana kiasi cha mtu kupita kwa upande. Juu kuna mabati manne yenye mawe. Pembeni ni wazi kabisa. Mpwa wangu alitaka tufunike kila upande kwa turubai, kwa nia njema, nikamwonyesha matone yaliyojikusanya ndani ya turubai tuliyofunikia vipande vichache usiku mmoja. Maji yale yalitoka ndani ya kuni zenyewe. Yakikosa njia yanarudi, kisha ukungu mweupe unaota.

Upepo unafanya kazi kubwa kuliko jua. Ncha za muwati zimeshaanza kufunguka nyufa zinazotawanyika kutoka katikati kama miale ya jua.

29 Machi

Mvua imeanza kunukia. A ni kilo 2.2 na imesimama hapo. Sidhani itashuka zaidi. B ni kilo 3.0, bado inashuka.

Hapa niandike jambo lililonisumbua kwa muda, maana wengi hulisema kwa haraka. Husemwa kwamba kuni mbichi haina joto kwa sababu joto linaliwa na kuchemsha maji. Ni kweli, lakini si kwa kiasi watu wanachodhani. Kilo moja ya kuni yenye nusu maji hutoa kama megajuli 8. Kilo ya kuni yenye maji asilimia 20 hutoa kama 14. Inaonekana tofauti kubwa mno. Lakini gogo lile lile likikauka linapungua uzito. Gogo la kilo 4 likiwa bichi lina megajuli 32 hivi. Likikauka likawa kilo 2.5 lina kama 35. Kwa gogo moja, maji yamekula sehemu ndogo tu.

Hasara kubwa iko kwingine. Zaidi ya nusu ya joto la kuni hutoka katika gesi zinazofukuzwa na moto kutoka ndani ya mti, na gesi hizo zinahitaji moto mkali ili ziwake. Kuni mbichi inapoza jiko. Gesi haziwaki, zinapanda kwenye bomba kama moshi, na njiani zinaganda kuwa masizi yanayonata kama lami. Masizi hayo yakirundikana yanaweza kushika moto ndani ya bomba, chini ya paa la nyumba. Kwa hiyo anayechoma kuni mbichi anapoteza joto, anavuta moshi na anahatarisha nyumba, vyote kwa pesa ile ile. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka wa 2020. Moshi huo hutoka zaidi kwenye kupika tu.

Na ndiyo maana kununua kwa kilo ni hatari kuliko kununua kwa ujazo. Kwa kilo, maji yenyewe unayalipia. Shule zinazonunua kwa tani zingeweza kuokoa pesa nyingi kwa kuagiza likizo moja mapema na kuzianika wenyewe.

10 Mei

Mvua kila alasiri. B ni kilo 2.9. Nimeongeza bati moja upande unaopigwa na mvua. Hakuna zaidi ya hapo.

7 Juni

Siku ya kupima kwa uhakika. Nimepasua kipande cha muwati na kimoja cha mkaratusi kutoka katikati ya rundo, nikakata kutoka ndani ya kila kimoja kibapa cha gramu 200 kwenye mizani ya kuokea mikate. Vibapa vimekaa kwenye oveni, joto kidogo juu ya nyuzi 100, hadi uzito ukaacha kushuka. Muwati umebaki gramu 162: maji yalikuwa asilimia 19. Mkaratusi umebaki 152: asilimia 24.

Muwati uko tayari. Mkaratusi unahitaji wiki kadhaa zaidi, na kwa bahati tuna muwati wa kutosha kutufikisha mwishoni mwa Julai tukiuanzia. Kwa hiyo Juni tutachoma muwati, na kila jioni vipande vichache vya mkaratusi vya kuchomwa baadaye vinalala kando ya jiko, si juu yake, vimalizie kukauka kwa joto linalopotea. Mkono wa mtu lazima uweze kukaa kwenye kuni hizo bila kuungua. Zikishika joto zaidi ya hapo zimesogezwa karibu mno.

14 Juni

Baridi imeingia rasmi. Tuliwasha saa kumi na mbili kasoro. Vijiti vya akina mama wa sokoni, banzi moja la msaipresi, kisha muwati. Baada ya nusu saa nilitoka nje kutazama bomba: hapakuwa na moshi, ila hewa inayotetemeka juu ya paa. Ndani Mama alivua shali akaiweka kwenye mkono wa kiti. Alisema, "Hizi hazitoi povu." Za miaka iliyopita zilikuwa zikifoka povu kwenye ncha na kulia jioni nzima, tukadhani ndivyo kuni zilivyo.

12 Julai

Tunatumia karibu kilo 10 kwa siku, chini kidogo ya hesabu ya Januari. Kipande B kimefika kilo 2.7, na mkaratusi sasa unawaka vizuri ukifuata muwati. Nimefungua kifuniko cha bomba nikapitisha brashi: masizi makavu, ya unga, kiasi cha kikombe. Majivu yanakaa kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko nje ya nyumba siku mbili kabla hayajaenda kwenye sukuma wiki, kwa sababu kaa dogo hujificha humo likiwa hai.

Mama bado anakohoa asubuhi. Usiku analala.

Jirani wawili wamekuja kuuliza kuni zinapatikana wapi wiki hii. Niliwapa vipande vya jioni chache na nikawaambia ukweli kwamba kwa mwaka huu watafute mabanzi makavu Elburgon, wachanganye, na wapasue vyote vidogo. Kwa mwaka ujao tumeenda pamoja kwa yule mzee. Tumechagua miti, nyumba tatu kwa pamoja, mita tisa: sita za muwati na tatu za mkaratusi. Ameipaka chokaa kwenye shina na amepokea amana kutoka kwa kila mmoja wetu. Itakatwa Desemba, mahindi yakishavunwa, kwa sababu kabla ya hapo tela haliwezi kupita shambani kwake bila kuyaangusha.